Nataka tatuu ya utando wa buibui baada ya mwaka wa sonona. Nichore au nisubiri?

FundiUzi

Ndugu zangu, salaam. Nina miaka 41, kazi yangu ni ushonaji, na hili ninaloandika wanalijua watu watatu tu: mke wangu, daktari wangu na mshauri nasaha.

Mwaka jana nilishikwa na sonona. Mwanzoni sikujua kama ina jina. Nilichojua ni kwamba kila usiku saa tisa niko macho, kifua kizito, na asubuhi kuvaa viatu kunanichukua nusu saa. Siku iliyonitia hofu ni ile niliyosimama mbele ya kitambaa cha suti ya mteja. Chaki nilishaipiga, vipimo nimevihakiki mara mbili, mkasi uko mkononi. Nikashindwa kukata. Sikuwa nimesahau kitu. Mkono ulikuwa tayari, ila ndani hakukuwa na mtu wa kuuambia "kata". Kijana ninayemfundisha kazi aliponigusa bega nilitazama saa: dakika 20 zimepita. Nikaweka mkasi chini nikaenda kulala, mchana kweupe.

Daktari alinianzishia dawa, akanielekeza kwa mshauri. Kwa wiki kadhaa nikawa namwimbia mshauri wimbo ule ule: nikipata nguvu nitaanza kutoka nje. Siku moja akanijibu, "Usingoje hamu. Toka kwanza, hamu itakukuta njiani. Dakika 10 zinatosha." Nilikasirika. Kesho yake nikatoka, kwa hasira ile ile.

Njia yenyewe ni ya miguu, inateremka hadi kijitoni. Mwanzoni pana nguzo mbili za mti, mabaki ya geti la zamani. Asubuhi ile ya kwanza nilipita katikati ya nguzo nikajikuta nimevikwa utando wa buibui uso mzima. Nikajifuta, nikatembea dakika zangu 10, nikarudi. Kesho yake utando uko pale pale, mzima, umejaa umande. Nikauvunja tena kwa kutoangalia. Siku ya tatu nilikuwa naangalia. Nikainama, nikapita chini yake. Katika miezi mingi, nadhani hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyojali kitu kisichonihusu.

Nikaanza kwenda na jioni pia, nimwone akifuma. Nashona tangu nina miaka 17, na sijaona kazi kama ile. Kwanza anatandaza nyuzi zinazotoka katikati kama njiti za gurudumu la baiskeli. Kisha anazunguka kutoka katikati kwenda nje, mizunguko michache iliyoachana sana. Nikadhani amemaliza, nikamwona fundi mzembe. Kumbe! Alipofika ukingoni akageuka, akaanza kurudi ndani polepole akiweka uzi mwingine, ule unaonata, mizunguko imekaribiana, na kila anapoufikia uzi wa mwanzo anaukata na kuuondoa. Nilisema kwa sauti, peke yangu pale: huyu anapiga bandi! Kwa wasioshona, bandi ni ule mshono wa muda, mrefu mrefu, unaoshikilia vipande visiteleze mpaka mshono wenyewe upite. Ukishapita, bandi unaitoa. Baadaye nikajifunza kwamba wengi wa buibui hawa wanaofuma tando za mviringo hula utando uliochakaa na kufuma mwingine karibu kila siku.

Dakika 10 zikawa 40. Jirani yangu mmoja, mzee mstaafu aliyefiwa na mkewe, alinikuta nimechuchumaa penye nguzo, akauliza natazama nini. Sasa tunatembea pamoja. Wakaongezeka wengine watatu. Jumamosi asubuhi tuko watano, wala hatujawahi kujiita kikundi.

Sasa ninachouliza. Nataka kuchora utando ule kwenye mkono wa kushoto, upande wa ndani, chini ya kiwiko, mahali ninapopaona nikiwa kwenye cherehani. Mke wangu hapingi tatuu. Ameuliza tu jambo lililonishinda kulijibu: "Kwa nini ujiandikie ugonjwa mwilini? Na ukipona?" Je, kuna aliyechora kitu baada ya kipindi kama hiki, ikamsaidia au akajuta? Kuna la kujihadhari ukiwa bado unatumia dawa? Halafu hao wenzangu wanne wameanza kuniambia mambo mazito tukiwa njiani. Nawasikiliza, lakini naogopa. Mimi mwenyewe bado nimeshikiliwa na bandi.

---

WinoWaKudumu

Fundi, mimi ni mchora tatuu, mwaka wa 14 huu. Umekuja na lugha ya sindano na uzi, kwa hiyo nitakujibu kifundi.

Umbo kwanza. Utando wa buibui uliozungushwa kwenye ncha ya kiwiko husomwa na watu wengi kama alama ya aliyekaa gerezani, na kuna mahali ambapo makundi ya chuki yameutumia pia. Wewe umesema chini ya kiwiko, upande wa ndani. Hapo ni sawa, ila usikubali mchoraji "ausogeze juu kidogo ukae vizuri". Na uchore pamoja na nguzo zako mbili. Utando uliofungwa kwenye nguzo mbili una mahali pake. Ukiwa peke yake unaweza kuwa wa mtu yeyote.

Nyuzi nazo. Ninyi mafundi mnapenda kazi iliyobanana, ngozi haiipendi. Sindano hupeleka wino kwenye tabaka la pili la ngozi, kina cha milimita 1 hadi 2, kwa sababu tabaka la juu hubanduka lenyewe na kuota jipya. Kule ndani wino haukai kama rangi ya ukutani. Humezwa na seli za kinga zinazoitwa makrofaji. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwa panya kwamba seli hizo zikifa huachia wino, na seli nyingine zinazochukua nafasi yake huumeza tena. Tatuu inadumu kwa kukabidhiana. Siku niliyolisoma hilo nilikaa kimya muda mrefu, maana nilikuwa nimechora watu miaka na miaka nikidhani kitu kikishaingia kimetulia. Na makabidhiano hayawi kamili: mistari hutanuka kidogo kidogo. Nyuzi 30 zilizobanana leo, baada ya miaka kadhaa ni kivuli. Punguza njiti, punguza mizunguko, acha nafasi, na mchoro usiwe mdogo kuliko kiganja chako.

Kuhusu dawa: baadhi ya dawa za sonona zinaweza kuongeza kidogo mwelekeo wa kuvuja damu. Muulize daktari wako kabla, na mwambie mchoraji. Tafadhali usiache dawa hata siku moja ili uje kuchorwa. Kama makovu yako huwa yanafura na kuvuka mpaka wa jeraha, yale ya keloidi, sema mapema. Wenye ngozi nyeusi tunapatwa nayo zaidi, na mimi mtu wa namna hiyo humshauri aache. Sindano ifunguliwe mbele ya macho yako kutoka kwenye pakiti, wino umiminwe kwenye kikombe kipya, glavu zibadilishwe kila mara. Homa ya ini na VVU hupitia damu, hilo halina mzaha. Ngozi ya juu hufunga kwa wiki 2 hadi 4. Katika muda huo usiogelee, usiianike juani, usibandue magamba. Wewe mkono ule unapitisha kitambaa siku nzima, kwa hiyo panga na wateja.

Sasa wakati. Mtu akija na msiba wa wiki hii, namchorea kwenye karatasi na kumrudisha nyumbani nayo. Mama mmoja alitaka jina lote la mwanawe aliyefariki, herufi kubwa, kifuani. Nilimwomba asubiri miezi 3. Alirudi baada ya 5, na ombi lake lilikuwa limebadilika: alama ya dole gumba la mtoto, kwa ukubwa wake halisi, kwenye kifundo cha mkono. Aliipata kwenye kadi waliyoigonga mtoto akiwa mchanga. Nilichora mistari ile ya kidole mmoja mmoja. Nilisimamisha mashine mara mbili ili apumue, na hakuna aliyesema neno. Wewe hujasema umechorea karatasi. Anza hapo.

Swali la mkeo ni zuri, nalijibu nusu. Mmarekani Amy Bleuel alianzisha mwaka 2013 harakati ya nukta mkato, alama hii (;) ambayo watu wengi mno waliochoshwa na maisha wameichora. Maana yake ni mahali ambapo mwandishi angeweza kumaliza sentensi, akaamua kuendelea. Nimeichora mara nyingi, mara nyingi kwa watu wasioeleza chochote. Na jambo hili ni la kale. Mtu wa barafuni aitwaye Ötzi, aliyekutwa mwaka 1991 na watembea milima wawili mpakani mwa Austria na Italia, aliishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na mwilini ana tatuu 61, mistari na misalaba, nyingi zikiwa kiunoni, magotini na vifundoni, mahali ambapo mifupa yake imeonyesha kuchakaa. Wapo watafiti wanaoamini zilikuwa tiba ya maumivu. Kama ni hivyo, aliyemchora aligusa palipouma. Huo nao ni ukaribu kati ya mtu na mtu.

---

NesiWaZamu

Kaka Fundi, nimefanya kazi wodi ya afya ya akili miaka 9. Umesema bado umeshikiliwa na bandi kana kwamba ni aibu. Lakini fundi ni wewe, unajua nguo inakuwaje bandi ikitolewa kabla mshono haujapita. Dawa ziendelee mpaka wewe na daktari mkubaliane vinginevyo, hata kama umelala vizuri mwezi mzima. Wengi ninaowaona wakirudi wodini walijisikia nafuu wakaacha wenyewe. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu, kuvuruga usingizi na kuurudisha ugonjwa.

Mshauri wako hakutunga maneno yake. Kuanza na kitendo ili moyo ufuate ni njia ya tiba inayojulikana tangu miaka ya 1970, na kwa sonona inasaidia kweli. Kinachoniumiza ni kwamba mgonjwa huambiwa "jitahidi" bila kupewa kipimo. Dakika 10 ni kipimo.

Kuhusu kwa nini njia ya kijitoni na si barabara ya magari: mwaka 2015 Gregory Bratman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwatembeza watu 38 kwa dakika 90, nusu penye nyasi na miti, nusu kando ya barabara yenye magari mengi. Walikuwa wanapima kile ambacho mimi hukiita kucheua mawazo: wazo moja baya unalimeza, linarudi, unalitafuna tena. Waliotembea penye miti walipungukiwa na kucheua huko, na sehemu moja ya mbele ya ubongo inayohusishwa nako ilitulia. Wale wa barabarani hawakubadilika. Ni watu wachache na walikuwa na afya njema, kwa hiyo silichukulii kama dawa iliyothibitishwa kwa mgonjwa. Lakini linafanana sana na uliyoyaandika kuhusu nguzo zako. Saa tisa usiku ulikuwa unacheua. Asubuhi buibui akakushika macho.

Kuna na uchunguzi wa Uingereza uliotoka mwaka 2019, wa watu karibu 20,000: waliopata angalau dakika 120 kwa wiki katika mazingira ya asili walielekea zaidi kusema wana afya njema na wameridhika na maisha, iwe kwa mkupuo mmoja au kwa vipande. Hapo pia inawezekana wenye afya ndio wanaotoka zaidi. Mimi hutumia namba hiyo kwa sababu moja: humwondolea mgonjwa kazi ya kujiuliza "niende kiasi gani?"

Siku usipoweza kutoka, na zitakuwepo, sogeza kiti dirishani. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha ulinganisho wa wagonjwa waliotoka kufanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolala wakitazama miti waliruhusiwa mapema na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Sasa hao wenzako wanne. Kusikiliza unaweza, tena ni zawadi. Ila mmoja akisema anatamani asingeamka, au kwamba watu wangepata nafuu bila yeye, muulize waziwazi: unafikiria kujiua? Kuuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi kunamtua mzigo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na siku hiyo hiyo mfikishe hospitali au kwenye huduma ya dharura. Hilo usilibebe wewe. Na ukilisikia ndani yako mwenyewe, kanuni ni ile ile.

---

TareheMkononi

Ndugu, mimi ni yule aliyejuta, kwa hiyo nisikilize.

Nilichora tarehe. Ni ya siku mbaya kuliko zote maishani mwangu, tarakimu 8, mkononi kama unavyotaka wewe. Nilichora wiki ya pili baada ya kutoka hospitali. Nilidhani itanikumbusha kwamba nilivuka. Kinachotokea ni hiki: kwenye foleni mtu ananiuliza, anatabasamu kabisa, "Siku ya kuzaliwa ya mtoto?" Pale pale inanibidi nichague, nimdanganye au nimsimulie mtu nisiyemjua. Wakati wa joto navaa mikono mirefu.

Nimeanza kuifuta kwa leza. Nimekwenda mara nne na bado inasomeka, kwa sababu leza inavunjavunja wino tu, kuuondoa ni kazi ya mwili wenyewe, na mwili hauna haraka. Inauma kuliko kuchorwa.

Wewe ukiulizwa utasema "buibui wa njiani kwangu". Hilo unaweza kumwambia hata mtoto wa miaka mitano, na hutakuwa umedanganya. Mimi ningepewa nafasi tena ningechora kitu cha namna hiyo.

---

MamaNjiaNdefu

Mwanangu FundiUzi, nina miaka 63. Nilianza kutembea baada ya kumzika mume wangu, na wenzangu nimetembea nao miaka 8 sasa. Ya tatuu siyajui, nakuachia wenyewe. Nina la kusema kuhusu hao wanne.

Kundi langu la kwanza nililiua mimi. Tulifika watu 27, nikaona fahari. Mmoja akaleta habari ya kuhesabu hatua kwa simu, mwingine akaanza kutuma orodha kila jioni, nani kafikisha ngapi, na mimi nikashangilia. Waliokuwa wazito, waliokuwa wagonjwa, waliokuwa wanatoka kitandani kwa shida kama wewe ulivyokuwa, walikuwa chini ya orodha kila siku. Hawakulalamika. Waliacha tu kuja. Mvua zilipoanza tulikuwa wanne, wote wenye miguu imara. Mmoja wa walioacha nilikutana naye baadaye, akaniambia alikuwa anasubiri kwa wiki nzima ile saa moja yetu, mpaka ilipogeuka kuwa mtihani. Maneno hayo bado ninayo.

Safari hii ya pili, mwenye mwendo wa polepole ndiye anayetangulia. Ukifanya hilo moja tu utaona mengine yanajipanga. Saa haibadiliki, mahali hapabadiliki, na akitokea mmoja tunatembea na huyo mmoja. Ushauri hatutoi mpaka mtu auombe kwa mdomo wake. Aliyekosa Jumamosi mbili napiga simu, na sitamki "mbona hukuja". Namwambia tu tuliona nini njiani.

Umesema wanakuambia mambo mkiwa njiani. Ndivyo ilivyo, hasa kwa wanaume. Mkikaa mezani mnatazamana, mtu anameza neno lake. Mkitembea bega kwa bega, macho yako mbele, neno linatoka. Tulikuwa na baba mmoja aliyetembea nasi miezi 7 hajasema zaidi ya salamu. Siku moja ya manyunyu, tunavuka daraja jembamba la mbao, akasema, "Mwanangu angetimiza miaka 20 leo." Tukaendelea kutembea. Mama aliyekuwa kando yake alisogeza mwavuli mpaka ukamfunika yule baba, yeye mwenyewe bega likalowa mpaka mwisho wa safari. Mpaka leo hakuna aliyemuuliza zaidi. Baba yule hajakosa Jumamosi tangu siku ile.

Ila usigeuke ndoo ya kila mtu kumwagia. Badilishaneni wa kutembea naye, ili anayekuambia wewe leo, wiki ijayo amwambie mzee wako mstaafu. Yule mzee anaonekana ana masikio. Huko Zimbabwe daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwaweka akina bibi kwenye mabenchi ya kliniki wakae na watu wanaosumbuliwa na kile ambacho Washona, kabila la huko, hukiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Matokeo ya majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa na mabibi hao walikuwa na dalili kidogo kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nililipenda sana hilo, mimi nikiwa bibi. Lakini angalia: mabibi wale walifundishwa, na walikuwa na mtu wa kumpelekea mgonjwa waliyemwona amewazidi. Wewe umeshapewa hapo juu na nesi jambo la kufanya likikuzidi. Waambie na wenzako wote wanne walijue, lisikae kwako peke yako.

---

FundiUzi

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mke wangu akiwa anasikiliza huku anapiga pasi. TareheMkononi, nilipofika kwako aliacha pasi. Asante kwa kusema.

Baada ya hapo alichukua kalamu ya wino, akanishika mkono, akasema nimwelekeze. Akachora nguzo mbili. Akachora njiti, nikampa 9. Alipofika kwenye mizunguko akauliza kama na ile bandi inachorwa. Nikamwambia hapana, buibui huiondoa. Akafikiri, akasema, "Wewe hujaiondoa bado. Uache mmoja." Akauchora mzunguko mmoja wa vipande vipande, karibu na katikati, kwa mkono unaotetemeka kidogo kwa sababu hajawahi kuchora kwenye mtu. Sijamjibu lile swali lake, naye hajalirudia.

Mama, Jumamosi hii tumemweka mbele mama mmoja mwenye goti bovu. Tulichukua saa nzima na robo kwenda na kurudi. Niliwaambia wote kuhusu yale ya kumuuliza mtu waziwazi na mahali pa kumpeleka. Walinyamaza, kisha mmoja akasema aliwahi kutamani mtu amuulize hivyo. Hakusema lini. Nesi, jioni nilimpigia, nikamuuliza swali lenyewe kama ulivyoliandika. Akasema ni zamani, sasa hapana, na akanishukuru. Wiki ijayo anatembea na mzee.

Wino, sichori sasa. Nimeutarizi mchoro wa mke wangu kwa uzi mweusi kwenye shati langu la kazi, upande wa ndani wa mkono, nimevaa siku 4 kati ya 6 wiki hii. Nitaufua na kuuvaa miezi 6. Ukinichosha kwenye kitambaa, nitafumua. Ila nina swali la kifundi: huo mzunguko mmoja wa bandi, ule wa vipande vipande, ngozi itaushika? Au vipande vitaungana kwa miaka, uwe uzi mzima?

Na utando wenyewe haupo. Tangu Jumatano nguzo ziko tupu. Labda upepo, labda umri wake umeisha. Nilikuwa nimejiandaa kuumia. Tulipofika pale Jumamosi nilisimama kuwaonyesha wenzangu, na mzee, aliyekuwa anaongea na mtu mwingine, akapita katikati ya nguzo akiwa ameinama vilevile.

---

WinoWaKudumu

Vitaungana ukiviweka karibu. Nafasi kati ya kipande na kipande iwe ndefu kuliko kipande chenyewe, na sindano iwe moja nyembamba, isirudiwe juu ya mstari. Hivyo itabaki bandi.

Miezi 6 ikifika, njoo na shati.